Milimita Tatu Nyuma ya Jicho

Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, au aliyegongwa na pikipiki akivuka njia kwenda chuoni, humfikia tabibu pamoja na swali moja ambalo kutazama kwa nje hakuwezi kulijibu kwa yakini: je, shinikizo ndani ya fuvu limepanda, na kama limepanda, limepanda kiasi gani? Mtu mzima aghalabu ataweza kusema kuwa kichwa kinamgonga na kwamba anaona vitu viwili badala ya kimoja. Mtoto mchanga hana ila kilio, kutapika na usingizi, na mambo hayo matatu huweza kuletwa na homa, na njaa, na uchovu wa safari ndefu ya kutoka kijijini, seuze jeraha. Kwa sababu ya uzito wa swali hilo na uchache wa majibu yake, matabibu wa nchi mbalimbali wamejizoesha, kwa muda wa takriban miaka thelathini sasa, kuweka altrasaundi juu ya kope iliyofumbwa na kuipima ala ya neva ya jicho, yaani lile vazi la utando linaloizunguka neva katika safari yake fupi baina ya jicho na ubongo.

Nitangulize rai yangu, ili msomaji aipime kadiri tuendeleavyo. Msingi wa kipimo hiki ni imara, kwani umejengwa juu ya umbile la mwili lisilo na ubishi. Lakini namba itolewayo na kipimo hicho, ile milimita na nukta zake ambayo hukaririwa na watu kana kwamba haina taksiri, imepewa heshima kubwa kuliko inavyostahili, na manufaa yake ya kweli yapo katika kukilinganisha kipimo cha pili cha mtoto na kipimo cha kwanza cha mtoto yuleyule, wala si katika kuilinganisha namba moja na jedwali lililoandikwa mbali kwa watoto wengine na kwa mashine nyingine.

Neva ya jicho, tofauti na neva za mikono na miguu, ni sehemu ya ubongo wenyewe iliyonyooshwa mbele hata ikaufikia mgongo wa jicho. Kwa hiyo imevikwa tando tatu zilezile zinazouvika ubongo, na baina ya tando hizo hupita maji yaleyale yauzungukayo ubongo na uti wa mgongo. Alexander Monro wa Edinburgh alieleza mwaka 1783, na George Kellie akaitia nguvu hoja yake mwaka 1824, kwamba fuvu likisha kufunga halina nafasi ya ziada, na kwamba ubongo na damu vimo humo kwa kiasi kisichoweza kuongezeka bila ya kitu kingine kupungua. Waliokuja baada yao wakayatia na maji katika hesabu hiyo. Ubongo ukivimba kwa jeraha, au damu ikikusanyika chini ya mfupa, maji ndiyo yasalimuyo amri kwanza: sehemu yake husukumwa chini kwenye uti wa mgongo, na sehemu hupenya tundu la mfupa na kuingia katika ala. Karibu na jicho ala hiyo haikukazwa kwa nyuzi kama ilivyokazwa huko nyuma, hivyo hufutuka, na mahali inapofutuka kwa wingi ni kama milimita 3 nyuma ya tufe la jicho.

Kwamba jicho hutoa habari za ubongo lilikuwa jambo linalojulikana zamani. Tangu Hermann von Helmholtz alipokitangaza mwaka 1851 chombo cha kutazamia ndani ya jicho, uvimbe wa kichwa cha neva, pale inapoingia nyuma ya jicho, ulihesabiwa kuwa alama ya shinikizo. Illa alama hiyo huchelewa. Huhitaji saa nyingi, na mara nyingi siku kadhaa, kabla haijadhihiri, na mtoto ambaye damu inamkusanyikia kichwani hana wasaa huo. Sohan Singh Hayreh, katika majaribio aliyoyatangaza mwaka 1964, alitia vipira vidogo ndani ya mafuvu ya kima wa rhesus, akavijaza kidogo kidogo hata shinikizo likapanda na macho yakavimba. Kisha alipoipasua ala ya upande mmoja ili maji yapate kutoka, uvimbe wa jicho la upande huo ukapungua. Ithibati ikapatikana kwamba shinikizo hulifikia jicho kwa njia ya ala. Na kama ala ndiyo njia, basi yapasa ipanuke mapema, kabla kichwa cha neva hakijavimba, na mwenye kuweza kuiona ala hana haja ya kuungoja uvimbe.

Kuiona, hata hivyo, kulihitaji chombo. Mundt na Hughes wa Marekani walilipima jicho kwa mawimbi ya sauti mwaka 1956, na Baum na Greenwood wakafuatia mwaka 1958 kwa picha kamili badala ya mistari ya miinuko tu. Lakini ilikuwa ni Knut Helmke na Hans-Christian Hansen wa Hamburg, katika makala mbili za mwaka 1996, walioiweka kanuni ya milimita 3 ambayo inafuatwa mpaka leo. Mwaka uliofuata walichapisha kazi nyingine ambayo mimi naiona ina uzito kuliko ile ya kwanza, ijapokuwa hutajwa mara chache. Waliwachunguza wagonjwa waliokuwa wakitiwa maji katika uti wa mgongo kwa kiasi kilichopimwa, wakawa wanaitazama ala kadiri shinikizo lilivyopanda. Ala ilipanuka, na ilipanuka palepale bila ya kuchelewa. Walakini haikupanuka kwa kadiri moja kwa watu wote, bali kila mmoja alikuwa na kasi yake, na ikifika mahali huacha kupanuka hata kama shinikizo linazidi. Aliyeisoma kazi hiyo kwa makini hangetazamia kwamba namba moja itawatosha watoto wote wa dunia.

Sasa tuutazame utendaji wenyewe, kwa kuwa humo ndimo mnamopatikana siri za tofauti za namba. Kabla ya lolote, tabibu huhakikisha kwamba jicho halikupasuka. Likiwa limepasuka, au kukiwa na shaka tu ya kupasuka, kipimo hiki hakifanywi, kwa maana mkandamizo mdogo huweza kukitoa nje kilichomo ndani. Mtoto hulazwa chali, shingo yake ikilindwa maadamu haijathibitika kuwa salama, na kope zake hufumbwa, pengine chini ya utando mwembamba wa plastiki ili jeli isiingie jichoni. Jeli huwekwa kwa wingi, hata probu ielee juu yake badala ya kulikalia jicho, na mkono wa mpimaji huegemea paji la uso au mfupa wa pua. Kulikandamiza jicho huweza kuyapunguza mapigo ya moyo, tena kwa watoto zaidi kuliko kwa watu wazima. Nguvu ya mawimbi nayo hushushwa: mamlaka ya Marekani inayosimamia vifaa vya tiba imeweka kwa jicho kikomo cha 0.23 katika kielezo cha nguvu za kimekanika, ilhali kwa viungo vingine kikomo ni 1.9, na kwa hiyo mpimaji aliyetoka kumpima mama mjamzito na asiyebadili mpangilio wa mashine yake anamtendea mtoto isivyofaa, ijapokuwa picha itatoka nzuri.

Katika picha, tufe la jicho huonekana jeusi kwa kuwa limejaa ute ulio safi, lenzi ikiwa mbele kama ukingo mweupe, na nyuma kabisa huteremka mkanda wa neva uliozungukwa na mafuta yenye weupe. Mpimaji huteremsha mstari wa milimita 3 kutoka ukuta wa nyuma wa jicho kwenda ndani, kisha huukata mstari huo kwa mwingine ulio mraba nao, kutoka ukingo mmoja wa ala hadi ukingo wa pili. Hufanya hivyo kwa picha ya mlalo na ya wima, macho yote mawili, na kuchukua wastani. Kazi yote huchukua dakika chache kwa mtoto aliyetulia. Aliyeamka na anayelia ni habari nyingine: jicho halisimami, probu huteleza, na kilio chenyewe hulipandisha shinikizo kwa muda; mama akimpakata na kumnyonyesha hufanya mengi ambayo mashine ya bei kubwa haiwezi kuyafanya.

Ukingo mmoja hadi ukingo wa pili, nimesema. Lakini ukingo upi? Ala ina unene wake. Wako wanaopima kutoka uso wa ndani wa utando mgumu, mahali maji yanapokoma, na wako wanaopima kutoka uso wake wa nje, kama mafundi cherehani wawili wanaopima vazi moja, huyu kwa mshono wa ndani na yule kwa mshono wa nje, kisha wakashangaa kwamba hawakubaliani. Fauka ya hayo, ule weusi ulio nyuma ya jicho mara nyingine si neva wala ala, bali ni kivuli tu kinachotupwa na kichwa cha neva au na lenzi. Copetti na Cattarossi waliionya jamii ya matabibu juu ya jambo hilo mwaka 2009, wakionyesha picha za vivuli ambavyo mtu angeweza kuvipima na kuviandika kuwa ni ala. Na iko sababu nyingine ya kimaumbile. Sauti hupita mwilini kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, hivyo wimbi la megahezi 10 lina urefu wa kama milimita 0.15, na la megahezi 3.5, ambalo ndilo la probu iliyopinda itumiwayo kwa mimba, lina urefu wa milimita 0.44. Tofauti tunayoitafuta kati ya mtoto mzima na mtoto aliye hatarini mara nyingi haizidi milimita moja; mwenye kuitafuta kwa wimbi la karibu nusu milimita anakadiria, hapimi. Ndiyo maana huhitajika probu iliyonyooka, ya megahezi 7.5 au zaidi.

Tukiyashika hayo mkononi, namba zilizochapishwa huanza kufahamika. Ballantyne na wenziwe, mwaka 1999, waliwapima watoto wazima wakapendekeza kwamba ala izidipo milimita 4.0 kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, au 4.5 kwa aliyevuka umri huo, itiliwe shaka. Newman na wenziwe, mwaka 2002, waliwatazama watoto wenye maji mengi kichwani waliowekewa mrija wa kuyaondosha: ambao mrija wao ulikuwa ukifanya kazi walikuwa na wastani wa milimita 2.9, na ambao shinikizo lao lilikuwa limepanda, milimita 5.6, na pengo pana kiasi hicho liliwatia watu wengi tamaa. Huko Blantyre, Malawi, Beare na wenziwe wakaonyesha mwaka 2008 kwamba kwa watoto wenye maradhi ya ghafla ya ubongo mpaka wa milimita 4.2 uliwanasa wote waliokuwa na shinikizo na kuwaacha kwa haki 86 katika kila mia ya wasiokuwa nalo. Mwaka uliofuata tu, katika chumba cha dharura cha Marekani, Le na wenziwe wakapata uwezo wa kunasa wa asilimia 83, lakini katika kila watoto mia wasiokuwa na shinikizo, 38 tu ndio waliotambuliwa kuwa salama, na waliobaki wakatiliwa shaka bure. Kipimo kilekile, milimita zinazokaribiana, na matokeo yaliyo baidi kama mashariki na magharibi.

Uchunguzi ambao ningependa msomaji akae nao kidogo ni ule wa Cape Town, katika hospitali ya watoto ya Red Cross, uliochapishwa na Llewellyn Padayachy na wenziwe mwaka 2016. Wengi waliotangulia walikuwa wameilinganisha ala na dalili za mgonjwa, au na picha ya skani ya CT, yaani walikuwa wakikipima kipimo chenye shaka kwa kipimo kingine chenye shaka. Wa Cape Town walingoja mpaka mtoto alipokuwa chini ya nusukaputi kwa ajili ya upasuaji ambao kwa vyovyote ungefanywa, wakaipima ala, kisha shinikizo likapimwa moja kwa moja ndani ya fuvu. Watoto walikuwa 174, wenye maradhi mbalimbali, majeraha ya kichwa yakiwamo. Kwa shinikizo la milimita 20 za zebaki na zaidi, mpaka uliofaa ulikuwa milimita 5.5, ukiwanasa asilimia 93 ya waliokuwa na shinikizo hilo na kuwatambua sawasawa asilimia 74 ya wasiokuwa nalo. Kwa watoto wasiozidi mwaka mmoja mpaka ulishuka hadi 5.16, na kwa waliozidi umri huo ukapanda hadi 5.75. Zaidi ya hayo, walionyesha kwamba mgawanyo ulio bora huenda si wa miaka bali wa utosi: mtoto ambaye utosi wake bado haujafunga ana mahali pengine pa kulipunguzia shinikizo, na ala yake haipati mzigo wote. Huu naona ndio ugunduzi wenye akili kuliko milimita zote nilizozitaja, kwa sababu unarudi kwenye hoja ya Monro na Kellie na kuikumbusha sharti lake, kwamba fuvu liwe limefunga.

Angalia, basi, umbali kati ya 4.2 ya Blantyre na 5.5 ya Cape Town. Sehemu ya umbali huo hutoka kwa maradhi yaliyokuwa tofauti, sehemu kwa mashine na ukingo uliochaguliwa, na sehemu kwa mizani iliyotumiwa kuukagua ukweli. Tabibu anayeichukua namba ya mji mmoja na kuitia katika wadi ya mji mwingine, bila ya kuuliza ilipimwaje, anajihatarisha, na anamhatarisha mtoto zaidi.

Tufanye hesabu, maana hesabu hufichua yale ambayo asilimia huyaficha. Uchunguzi mkubwa wa Marekani wa mwaka 2009 juu ya watoto 42,412 walioumia kichwa ulionyesha kwamba walioumia ubongo kwa namna ya hatari hawakufika hata mmoja katika mia. Walikuwa asilimia 0.9. Chukua watoto 1,000 wa namna hiyo. Tukikadiria kwa ukarimu kwamba wote 9 walio hatarini wana shinikizo la juu, mpaka wa Cape Town utawanasa 8, na katika 991 waliobaki utawatilia shaka 257 au zaidi. Kwa kila watoto mia watakaoambiwa kwamba ala yao imepanuka, watatu tu ndio watakaokuwa na jambo. Watoto wa Cape Town walikuwa wamekwisha kuchujwa, wakafika mezani kwa mpasuaji. Kukichukua kipimo chao na kukieneza kwa kila mtoto aliyejigonga mlangoni ni kukitwisha mzigo kisichokubali kuubeba.

Najua kinachowavuta watu kwenye matumizi hayo. Mionzi ya skani ya CT si mchezo kwa mtoto. Uchunguzi wa Pearce na wenziwe nchini Uingereza, mwaka 2012, uliihusisha mionzi hiyo, inapokusanyika kwa kiasi fulani, na ongezeko la saratani ya damu na vivimbe vya ubongo. Na katika nchi zetu skani yenyewe aghalabu imo katika hospitali kubwa, mwendo wa saa nyingi kutoka zahanati. Ni rahisi mtu kujiambia kwamba ala isipopanuka mtoto arudi nyumbani. Mimi siiafiki hoja hiyo hata kidogo. Damu inayokusanyika baina ya mfupa na utando huweza kumwacha mtoto akicheza na kuomba chakula kwa saa kadhaa, shinikizo likiwa bado limo katika mipaka yake na ala ikiwa nyembamba, kisha mambo yakageuka kwa muda mfupi. Ala hueleza shinikizo la saa ile, haielezi kinachovuja.

Kwa upande wa pili, ala iliyopanuka huchelewa kurudi. Hansen na wenziwe, katika majaribio ya mwaka 2011 juu ya neva zilizochukuliwa kwa maiti, waliona kwamba ala iliyokwisha kushikwa na shinikizo kubwa hairejei katika upana wake wa kwanza hata shinikizo likiondoshwa. Jambo hili linaipunguza ile hoja niliyoitanguliza, nami nalikubali: kipimo cha pili kilichozidi cha kwanza ni habari ya kuaminiwa, bali kipimo cha pili kisichoshuka baada ya dawa au upasuaji hakithibitishi kwamba tiba imeshindwa.

Yanayobaki ni ya kivitendo. Altrasaundi imo katika hospitali nyingi za wilaya za Afrika Mashariki kwa ajili ya akina mama wajawazito, lakini probu iliyonyooka hukosekana mara nyingi. Anayepanga kuanzisha kipimo hiki aanze kwa kuulizia probu kabla ya kuitisha mafunzo. Mafunzo yafanywe kwanza kwa watoto wazima wa hapohapo, kwa mashine ya hapohapo, hadi wapimaji wawili wampimapo mtoto mmoja bila ya kuambiana wasitofautiane kwa nusu milimita. Katika cheti cha mgonjwa iandikwe saa ya kipimo, jicho la kulia na la kushoto kila moja kwa namba yake, ukingo uliotumiwa, utosi kama umefunga, na mtoto kama alikuwa akilia. Na mtoto anayepelekwa hospitali kubwa, ambaye fahamu zake zinapungua na mboni zake hazilingani, asicheleweshwe hata dakika moja kwa ajili ya ala. Yule anayengoja gari kwa sababu gari halijafika apimwe tena kabla ya kuondoka, na kama ala imezidi kupanuka, mpasuaji apigiwe simu ili taarifa itangulie gari.